Chapa ya Mashine na Fundi wa Karibu: Jibu kwa Mkulima wa Kiegeani

  Leo hatutazungumza juu ya mbegu wala mbolea. Tutazungumza juu ya mashine ndogo za shambani, zile zenye injini ya petroli ambazo mtu huzibeba mwenyewe. Kuna zile za kuvaa mgongoni kwa kupulizia dawa mikorosho, na kuna zile za kuning'iniza begani kwa kufyekea nyasi. Siku hizi zimejaa madukani, kila moja na jina lake na rangi yake, na kila muuzaji anasifu ya kwake.

Tumepata barua kutoka Kiegeani, katika kisiwa cha Mafia. Mwandishi ana mikorosho arobaini aliyoachiwa na mama yake, na minazi kidogo. Yeye na dada yake wameweka pamoja fedha za korosho za misimu miwili. Anasema fedha hizo zinatosha mashine moja tu, na wakikosea hawataweza kununua nyingine upesi. Shemeji yake anamwambia, "Shemeji, nunua ya Mjerumani, utakuja kuwarithisha wanao." Dada yake naye anasema, "Kaka, tuchukue hiyo ya bei nafuu, hela inayobaki tununue salfa." Basi anatuuliza: chapa ipi ni bora?

Ndugu yetu wa Kiegeani, tungeweza kukutajia jina moja tukafunga barua. Lakini tukifanya hivyo hatutakuwa tumekusaidia. Swali lako ni la zamani kuliko unavyodhani, na hapo hapo Mafia limekwisha kuulizwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Basi tuanzie nyumbani kwako.

Mwaka 1914 vita kuu ya kwanza ilipoanza, manowari ya Wajerumani iitwayo Königsberg ilijificha ndani ya midomo ya mto Rufiji, ng'ambo ya Mafia. Waingereza waliizingira lakini hawakuweza kuiona, maana mikoko iliificha. Mwezi wa Januari 1915 wakaiteka Mafia. Walichohitaji ni ndege za kuruka juu ya Rufiji, zitazame manowari iko wapi na mizinga inaangukia wapi.

Mwezi wa Februari wakaleta ndege za kutua majini za chapa ya Sopwith, wakaziweka katika kisiwa kidogo cha Nyororo, jirani na Mafia. Sopwith si jina la kudharauliwa. Huko Ulaya ndege zake zilikuja kusifiwa sana katika vita ile ile. Lakini joto la pwani yetu lilizishinda. Mbao zilizounganishwa kwa gundi ziliachia, na injini zilikosa nguvu ya kuinua ndege yenye watu wawili na mzigo. Zikaletwa nyingine za chapa ya Short. Hizo ziliruka na kuleta habari, ila kwa taabu. Hatimaye mwezi wa Juni wakaleta ndege za kutua nchi kavu, Caudron na Henri Farman, na uwanja ukasafishwa Mafia kwenyewe. Zile za Henri Farman zilikuwa na fremu ya mabomba ya chuma, si ya mbao na gundi. Hata hizi za mwisho hazikukosa ajali. Lakini tarehe 11 Julai 1915 ndege ya Henri Farman ndiyo iliyoelekeza mizinga mpaka Königsberg ikaangamizwa. Hata ilipopigwa yenyewe na kuanza kushuka, waliokuwamo waliendelea kutuma habari mpaka ikaanguka mtoni.

Ndugu wakulima, sisi hapa hatufundishi vita. Tunalotaka mlishike ni hili: ndani ya miezi michache, chapa kadhaa zilijaribiwa katika kisiwa kimoja. Chapa yenye sifa kubwa Ulaya ilishindwa na joto na unyevu wa Mafia. Hali ya mahali haikujali jina. Basi swali la kwanza la kuuliza mbele ya mashine yoyote ni hili: mashine hii imekwisha kufanya kazi mahali kama kwangu?

Sasa tuvuke bahari tuingie bara. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Yaliletwa matrekta mengi yaliyobaki vitani, na mengine yalitengenezwa kutokana na vifaru vya vita, yakaitwa Shervick. Ukitazama kwa macho, hakuna aliyewahi kuona nguvu kama ile. Lakini udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu kama sakafu ya saruji. Uling'oa na kulainisha meno ya majembe ya trekta. Spea zilikuwa mbali, mafundi walikuwa wachache, na waendeshaji wengi walikuwa wanajifunza kazi siku ile ile. Kabla mwaka 1947 haujaisha, sehemu kubwa ya matrekta yale ilikuwa imekwama. Mwaka 1951 mpango ukafungwa, na hasara ikahesabiwa kuwa pauni milioni 36 hivi. Swali la pili, basi: ikiharibika, spea yake iko wapi, na nani ataifunga?

Huenda mtu akasema, "Ah, hayo ni mambo ya serikali na wakubwa. Mimi nina jembe na panga." Vema. Hata jembe lina chapa. Wazee wanakumbuka majembe na mapanga yenye alama ya mamba. Majembe yalitoka Wolverhampton na mapanga yalitoka Birmingham, huko Uingereza. Baadaye yalikuja majembe ya China yenye alama ya jogoo. Na sisi wenyewe katika miaka ya 1970 tulikuwa na kiwanda cha zana za kilimo pale Ubungo, Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China, kikitoa majembe, mapanga na plau.

Kwa nini mamba na jogoo walipendwa? Chuma kilikuwa kizuri, ndiyo. Lakini sababu haikuwa chuma peke yake. Jembe la mamba lilipatikana katika duka la kijijini. Mpini ulikatwa porini. Makali yakiisha, mtu alinoa kwa tupa au jiwe. Yaani spea ilikuwa mti, na fundi alikuwa mwenye jembe mwenyewe. Mkulima aliiamini alama ile kwa sababu hakuna siku iliyomwacha amekaa bila kazi. Hapo ndipo chapa inapopata heshima ya kweli.

Sasa tazama upande wa pili, hapo hapo katika mkoa wetu wa Pwani. Katika miaka ya 1980 matrekta ya Valmet kutoka Finland yalikuwa yakiunganishwa Kibaha. Lilikuwa trekta imara. Lakini kazi ile ya Kibaha ikasimama, na baadaye hata jina lenyewe likabadilishwa. Valmet leo inaitwa Valtra. Mkulima aliyekwenda dukani kuulizia spea kwa jina lililoandikwa kwenye boneti alihitaji kwanza kujua kwamba jina lile limekufa. Miaka thelathini na kitu baadaye, Kibaha hiyo hiyo ikapokea matrekta ya Ursus kutoka Poland. Makubaliano yalifanywa mwaka 2015, na kazi ya kuyaunganisha ikaanza baada ya hapo. Mwaka 2021 kampuni ya Ursus huko kwao ikatangazwa kufilisika. Hapa tunapata swali la tatu: aliyeitengeneza mashine hii, au anayeiuza, atakuwapo miaka mitano ijayo?

Maswali ni hayo matatu. Sasa turudi Kiegeani, kwenye mikorosho arobaini.

Ndugu mkulima, usione mashine ya kupulizia kuwa ni anasa. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho tani 145,000. Katika miaka ya katikati ya 1980 mavuno yalianguka mpaka chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi. Watu walihamishwa wakaacha mikorosho yao mbali, bei ilikuwa ndogo, na miti ilizeeka. Lakini adui mmoja mkubwa alikuwa ugonjwa wa ubwiri unga. Ni ule ukungu mweupe unaofunika maua na majani machanga kama unga wa muhogo, maua yakakauka kabla ya kushika korosho. Ugonjwa huo ulitambuliwa nchini mwishoni mwa miaka ya 1970. Wataalamu, wakiwamo wa kituo cha utafiti cha Naliendele huko Mtwara, wakashauri kupuliza salfa ya unga kwa mashine za injini za kuvaa mgongoni, kwa kuwa mkorosho mkubwa ni mrefu na bomba la mkono halifiki juu. Dawa, mashine na bei nzuri vilirudisha uhai wa zao hili. Msimu wa 2017/18 mavuno yalipita tani 300,000.

Sasa sikiliza hesabu hii. Kipimo kilichozoeleka cha salfa ya unga ni gramu 250 kwa mkorosho mkubwa kwa kila awamu. Mikorosho arobaini inataka kilo 10 kwa awamu moja. Awamu huwa nne au tano, kila baada ya siku kumi na nne, kuanzia maua yanapochomoza. Kwa hiyo awamu tano ni kilo 50. Kazi hufanywa alfajiri, umande ungali juu ya majani na upepo umetulia. Umande hushika unga, na upepo ukianza salfa yako inakwenda kwa jirani.

Umeona sasa penye hatari? Mashine ikikwama katikati ya msimu, na spea ikawa lazima itoke Dar es Salaam, ipite Kibiti, ifike Nyamisati, isubiri chombo, ivuke mpaka Kilindoni, ndipo ije Kiegeani, siku kumi na nne zimekwisha. Awamu moja imepita. Pengine mbili. Maua hayasubiri plagi. Fedha za misimu miwili zitakuwa zimelala ndani ya chumba, zimefunikwa gunia.

Naam, sasa tuje kwenye majina.

Katika mashine za kupulizia, kuna Solo na Stihl za Ujerumani, na Maruyama ya Japani. Ni kampuni za muda mrefu. Maruyama ilianza mwaka 1895 na Stihl mwaka 1926. Mashine zao zina injini za mchanganyiko, yaani petroli na oili huchanganywa pamoja kabla ya kutiwa ndani ya tangi. Nguvu yake ni kubwa kwa uzito mdogo, na hilo ni muhimu kwa mtu anayetembea shambani nayo mgongoni. Udhaifu wake uko kwenye oili. Kipimo kikikosewa, au ukitia oili ya gari badala ya oili yake, pistoni inakwaruzika na injini inakufa, hata kama ni ya Mjerumani. Soma kitabu chake. Kama kinasema moja kwa hamsini, maana yake ni mililita 20 za oili katika lita 1 ya petroli. Kama kinasema moja kwa ishirini na tano, ni mililita 40. Tumia kipimo cha chupa, usikadirie kwa jicho.

Katika mashine za kufyekea nyasi, zipo hizo hizo za mchanganyiko, na zipo za injini ya mipigo minne kama ile ndogo ya Honda, ambamo oili ina chumba chake na petroli ina tangi lake. Hiyo haikuhangaishi kuchanganya, ila ni lazima utazame oili kila mara na kuibadilisha. Zipo pia mashine nyingi za bei nafuu kutoka China. Nyingine zinafanana sana na za majina makubwa, na nyingine zinavaa majina ambayo hutayaona tena mwaka ujao.

Hapa tuseme kwa haki. Mashine ya bei nafuu si lazima iwe mbaya. Ina faida moja ambayo ya bei kubwa mara nyingi haina: spea zake huingiliana na za mashine nyingine nyingi, na fundi wa pikipiki akiifungua haoni kitu kigeni. Hasara yake ni kwamba hujui chuma kilichomo, na mbili za rangi moja zinaweza zisifanane ndani. Mashine ya jina kubwa ina chuma kizuri na kitabu cha maelekezo, lakini kabureta yake inaweza kugharimu fedha nyingi, na pengine huuzwa na duka moja tu, tena Dar es Salaam. Kuna na balaa la tatu, nalo ni jina kubwa la bandia: unalipa bei ya Mjerumani, unapewa kitu kisicho na mwenyewe. Bidhaa bandia ni kosa kisheria, na Tume ya Ushindani inashughulikia malalamiko ya namna hiyo. Kwa hiyo dai risiti yenye jina la mashine na namba yake. Muuzaji anayekataa kuandika risiti amekwisha kukujibu.

Katika kufyeka, ngoja nikupe kisa kimoja kidogo. Mwaka 1971 mtu mmoja wa Houston, Marekani, jina lake George Ballas, alitoboa mkebe, akapitisha mshipi wa kuvulia samaki, akaufunga kwenye mashine ili uzunguke na kukata nyasi. Ndiyo asili ya ule uzi wa nailoni mnaouona kwenye mashine hizi. Watu wa Mafia mnaujua mshipi kuliko yeye. Lakini uzi ule ulibuniwa kwa nyasi laini za uani. Ukiupeleka kwenye magugu magumu na vichaka chini ya mikorosho, utaumaliza asubuhi moja. Huko tumia kisu cha chuma, na chunga mawe. Na tusisahau kwamba katika mashamba ya minazi ya Mafia, zamani nyasi zilipunguzwa na ng'ombe waliolishwa chini ya minazi. Ng'ombe hana plagi.

Basi ndugu yetu wa Kiegeani, ushauri wetu ni huu.

Kwanza, kwa kuwa fedha ni ya mashine moja, nunua ya kupulizia. Kufyeka kunaweza kufanywa kwa panga na kwa kusaidiana, na kukichelewa kwa wiki moja hukupotezi sana, ili mradi chini ya mikorosho pawe safi korosho zitakapoanza kuanguka. Kupulizia hakungoji.

Pili, kabla hujakwenda dukani, nenda kwa fundi. Mtafute yule wa Kilindoni anayetengeneza injini ndogo, mwulize, "Fundi, ni mashine zipi umekwisha kuzifungua na kuzifunga zikawaka? Spea za ipi unazo hapa leo?" Jibu lake lina thamani kuliko tangazo. Ukikuta chapa mbili anazijua sawasawa, chukua ile yenye chuma bora. Ukikuta anaijua moja tu, chukua hiyo.

Tatu, waulize majirani. Kama mashine za kijijini ni za chapa moja, nawe ukanunua hiyo hiyo, mtaazimana kamba ya kuwashia na chujio la hewa. Na ile itakayokufa kabisa itakuwa ghala ya spea kwa zilizo hai. Mashine iliyo peke yake kijijini ni yatima.

Nne, siku ya kununua, nunua pamoja nayo plagi mbili, chujio la hewa, chujio la petroli, kamba ya kuwashia na oili yake ya msimu mzima. Hapo ndipo ushauri wa dada yako unapoingia. Usimalize fedha yote kwenye jina. Bakisha ya spea na ya salfa. Mashine bila salfa ni kelele tu.

Tano, ninyi mnaishi kisiwani, na hewa ya chumvi hula chuma. Kila baada ya kazi futa vumbi la salfa, kausha, paka oili kidogo penye chuma kilicho wazi. Msimu ukiisha mwaga petroli yote, washa injini mpaka izime yenyewe ili kabureta ibaki kavu, kisha iweke juu, mbali na sakafu. Na wewe mwenyewe funika pua na macho, vaa nguo ndefu, tembea upepo ukiwa nyuma yako. Salfa ikiingia machoni inawasha vibaya.

Sita, mwone Bwana Shamba wa kata yako juu ya dawa na vipimo vinavyotumika msimu huu, maana dawa hubadilika. Na mkitaka kujua kama zana fulani imepimwa nchini, Arusha kuna kituo cha CAMARTEC, kilichoundwa mwaka 1981, ambacho kupima zana za kilimo ni sehemu ya kazi yake.

Sasa umesikia. Shemeji yako ana haki anaposema chuma kizuri kinadumu. Dada yako ana haki anaposema fedha isiishe yote dukani. Waketisheni wote wawili, muulizane yale maswali matatu: imekwisha kufanya kazi mahali kama hapa? Spea na fundi wako wapi? Mwuzaji atakuwapo kesho? Chapa itakayojibu yote matatu kwa ndiyo ndiyo chapa yenu, iwe ya Ujerumani, ya Japani au ya China. Na ile isiyojibu iacheni dukani, hata ikiwa na rangi ya kupendeza namna gani.

Tunawatakia maua mengi na korosho nzito. Ukiisha kununua, tuandikie tena utueleze ulichagua ipi na awamu ya tano ulimaliza lini. Wakulima wengine wangependa kusikia.